Mtoto kaamka na homa, umempa dawa kachangamka. Unampeleka shule au anabaki?

mama_kiraka
Wakuu habari zenu. Nimekuja kutubu na kuuliza kwa pamoja, msinirushie mawe sana.

Jumanne mwanangu wa kiume, ana miaka 7, usiku kakohoakohoa kidogo nikapuuza. Saa kumi na moja na nusu naenda kumwamsha namgusa shingoni, wa moto. Kipima joto 38.2. Na siku hiyo kazini ndo ilikuwa ile siku nikikosa ni kesi, ruhusa zangu nilishazimaliza zote kwenye mafua ya mwezi uliopita. Basi nikampa paracetamol ya maji, nikamwacha alale tena kidogo, kufika saa moja jasho limemtoka, kapoa, anacheka, anauliza begi lake liko wapi. Nikajiambia si unaona, lilikuwa joto la blanketi tu. Nikampeleka.

Saa tano kasoro dakika kumi simu. Mwalimu wake. "Mama njoo umchukue, kalalia dawati tangu saa nne na anatetemeka." Nimefika namkuta kwenye benchi nje ya ofisi, jua linawaka na yeye kavaa sweta kafunga vifungo mpaka shingoni, begi kalipakata. Mwalimu akaniuliza kwa upole tu, asubuhi aliamkaje? Nikajibu mzima kabisa mwalimu. Hapohapo mtoto akasema kwa kisauti kidogo, "Mama, si ulinipa dawa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu hakusema neno, akanisaidia kubeba begi, na bora angenisema.

Sasa naombeni kujua nyie wenzangu mnaamuaje asubuhi? Maana nikimbakiza kwa kila mafua huyu mtoto atamaliza mwaka hajui kusoma, na nikimpeleka ndo haya. Kuna mstari mahali au kila mtu anabahatisha tu?

usiku_mrefu
Pole sana mama. Asiyewahi kumpa mtoto dawa akamvalisha sare ndo arushe hilo jiwe la kwanza, mimi nimekaa kimya hapa nalishika.

mzee_wa_zamani
Watoto wa siku hizi mnawadekeza. Sisi tulienda shule na homa, na mafua, mimi binafsi nilienda na surua nikaambiwa nirudi nyumbani tayari nimeshaandika somo la kwanza. Na tupo hapa tunadunda. Mtoto akiweza kusimama aende, akizidiwa shule si itapiga simu.

nesi_wa_watoto
Mzee wangu, shikamoo. Hilo somo la kwanza uliloandika na surua uliwaachia wangapi darasani? Surua inaambukiza tangu siku kama 4 kabla ya vipele mpaka siku 4 baada ya vipele kutoka, na vile virusi vinaweza kubaki hewani mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Wewe unadunda, sina shida na hilo. Waliokaa hewa moja na wewe hatujawasikia hapa.

Mleta mada narudi kwako nikitoka shifti.

mzee_wa_zamani
Marahaba. Hapo umenipata.

chaki_mkononi
Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini, ngoja niongee upande wa pili wa hiyo simu.

Mama, tunajua. Hao watoto tuna jina lao kabisa ofisini, tunawaita watoto wa saa nne. Anaingia asubuhi kachangamka kuliko wote, mashavu yanang'aa, anajibu maswali, afu ikikaribia saa nne unamwona anaanza kuegemea. Kwanza mkono unashika shavu. Baadaye kichwa kinashuka kwenye kiwiko. Baadaye kalamu inadondoka na haiokoti. Dawa ya kushusha homa kazi yake ni masaa manne mpaka sita hivi, ukiitoa saa kumi na mbili asubuhi hesabu mwenyewe inaisha nikiwa wapi, inaishia kwenye somo langu. Homa haikuondoka, ilifunikwa.

Na kinachoniuma mimi wala sio kuambukizwa, mimi nimeshakoholewa usoni miaka kumi na kitu nimezoea. Kinachoniuma ni mtoto mwenyewe. Ana homa kwenye chumba chenye kelele, watoto arobaini wanasogeza madawati, taa, vumbi, hana pa kulala, anaona aibu kusema, wengine wanajikojolea kwa sababu hana nguvu ya kunyanyuka kuomba ruhusa. Halafu nikipiga simu mzazi wa kwanza hapokei, wa pili yuko mbali, tunakaa naye kwenye benchi masaa mawili. Ukiniuliza mimi hiyo siku hajasoma kitu, kahudhuria tu.

Ila na mimi nisiwe mnafiki, wapo pia wazazi wanaombakiza mtoto kwa chafya moja. Mtoto hayupo Jumatatu, hayupo Alhamisi, anarudi wenzake wameshavuka kujumlisha kwa kubeba yeye bado anashangaa ile moja imetoka wapi. Mafua yenye mtoto anayekula na kucheza mlete tu, mpe leso, mfundishe kukohoa kwenye kiwiko, mimi nitamkalisha karibu na dirisha.

baba_mapacha
Swali la kizushi. Mimi huwa nawapa paracetamol na ile sirapu ya mafua kwa pamoja asubuhi, wanashinda mpaka saa saba bila tatizo. Mnasemaje?

nesi_wa_watoto
Baba mapacha simama hapo hapo, usiwape tena mpaka usome lebo. Sirapu nyingi za mafua zina paracetamol humohumo ndani, ukimpa zote mbili umempa dozi mara mbili na inayoumia ni ini, tena ini halipigi kelele siku hiyohiyo. Paracetamol ni kwa uzito au umri wa mtoto kama ilivyoandikwa, dozi na dozi zipishane masaa 4 mpaka 6, isizidi mara 4 kwa masaa 24. Pimia kwa sindano ya plastiki au kile kikombe kinachokuja na chupa, vijiko vya jikoni havilingani. Na aspirini mtoto chini ya miaka 16 usimpe kabisa labda daktari awe ameiandika mwenyewe.

Sasa mleta mada, nimefika nyumbani nimevua viatu, nikujibu.

Mimi asubuhi najiuliza maswali mawili tu na wala sio "anaumwa au haumwi" maana mtoto mdogo karibu kila wakati kuna kitu anaumwa, mafua sita mpaka nane kwa mwaka kwa mtoto wa umri huo ni kawaida kabisa na kila moja linakaa wiki na zaidi, piga hesabu. La kwanza, ataweza kuimaliza hii siku bila mimi? Yaani kukaa, kusikiliza, kula, kwenda chooni mwenyewe, bila dawa ya kumsimamisha. La pili, alichonacho kinaruka kwenda kwa mwenzake kwa urahisi? Jibu baya kwenye lolote kati ya hayo, anabaki.

Homa. Kuanzia 38 anabaki, na arudi akishapitisha masaa 24 bila homa BILA dawa, hayo maneno mawili ya mwisho ndo watu wanayaruka. Kipima joto cha kwapani husoma chini kidogo kuliko joto lenyewe la ndani, kwa hiyo 37.8 ya kwapani usiifurahie sana. Ila namba sio kila kitu, nimeona mtoto ana 38.5 anapanda juu ya kitanda na nimeona wa 37.4 kanyong'onyea kama kitambaa kilicholoa, huyo wa pili ndo alinitoa jasho. Na kama mnaishi penye malaria homa ni ya kupimwa siku hiyohiyo, habari ya shule mnaiweka pembeni kwanza.

Kutapika na kuharisha, hapo mimi sina huruma. Masaa 48 tangu mara ya mwisho, sio tangu mara ya kwanza. Shule nyingine zinasema 24, mimi nasimama na 48 kwa sababu nimeona mtoto mmoja karudishwa mapema na wiki hiyohiyo nusu ya darasa wako kwangu na drip. Mnawishe mikono kwa sabuni na maji, vile vitakasa mikono vya kupaka havifanyi kazi vizuri kwa baadhi ya virusi vya tumbo.

Kikohozi chenyewe kikiwa mkia wa mafua kinaweza kuvuta wiki tatu, hicho hakimzuii mtoto. Kinachonisimamisha ni kikohozi kinachomkosesha usingizi, au anapumua haraka, mbavu zinaingia ndani, au anakohoa mfululizo mpaka anavuta hewa kwa mlio au anatapika, kile kinaweza kuwa kifaduro na hapo ni hospitali. Na makamasi ya kijani peke yake hayamaanishi anahitaji antibayotiki, hii nimeisema mpaka nimechoka.

usiku_mrefu
Nesi macho mekundu je? Mwaka jana wangu alirudishwa getini, jicho moja tu lilikuwa na tongotongo.

nesi_wa_watoto
Macho mekundu kitaalamu kama mtoto mwenyewe mzima na haoni shida wala sio lazima abaki, sema shule nyingi zina sheria zao na mlinzi wa geti huwezi kubishana naye saa moja asubuhi. Taulo yake iwe yake, asifikiche. Chawa vivyo hivyo, sio sababu ya kumtoa mtoto darasani, unaanza kutibu jioni na unawaambia wenzako. Upele wa kuwasha ule wa wadudu, akishapakwa dawa mara ya kwanza anarudi. Choa akishaanza dawa anarudi. Matubwitubwi siku 5 tangu uvimbe uanze. Koo lenye bakteria, angalau masaa 24 tangu aanze antibayotiki, na amalize dozi hata kama siku ya tatu anaimba.

chaki_mkononi
Chawa jamani! Mtoto anarudishwa kwa chawa ambao amekaa nao kichwani labda mwezi mzima, afu anarudishwa mbele ya wenzake. Hilo jina analoondoka nalo siku hiyo linakaa mpaka la saba.

tulia_dawa
Nimesoma uzi wote toka juu nikawa najiuliza nichangie au niache. Naomba niseme tu.

Binti yangu ana tatizo la figo, lile mtoto anavimba uso na miguu asubuhi, na anatumia vidonge vya steroidi ambavyo vinashusha kinga. Ukimwona humjui, ana sare kama wenzake, anaruka kamba. Kwenye begi lake kuna daftari dogo ambalo ndani tunaandika majibu ya mkojo kila asubuhi, mwenyewe anajua kulijaza, anachovya kale kakaratasi anasubiri rangi afu ananisomea.

Kwa mtoto wenu tetekuwanga ni wiki moja ya kujikuna. Kwake inaweza kuwa ICU. Na shida ya tetekuwanga ni kwamba inaanza kuambukiza siku moja mpaka mbili kabla hata kipele cha kwanza hakijatoka, kwa hiyo sijawahi kumlaumu mzazi aliyemleta mtoto siku hiyo, asingejua. Ninachoomba ni simu.

Iliwahi kutokea. Mama mmoja, hata hatukuwa tunasalimiana sana, alinipigia saa tatu usiku akasema samahani mama nani, wangu katoka malengelenge leo mchana na jana walikaa dawati moja na wako, najua wako ana dawa zake, nimeona nikwambie. Asubuhi yake tulikuwa hospitali, wakampa kinga kabla ugonjwa haujaanza, maana kuna siku chache tu za kufanya hivyo na ukichelewa umechelewa. Hakuugua. Yule mama angeweza kukaa kimya kabisa, nani angemjua? Tetekuwanga inachukua siku 10 mpaka 21 kujitokeza, nisingejua hata imetoka kwa nani.

Kwa hiyo mama kiraka, kumpeleka na homa umekosea, sawa, umeshasema mwenyewe. Ila kilichonishtua zaidi kwenye hadithi yako mimi ni lile neno "mzima kabisa". Siku nyingine mwambie tu mwalimu ukweli hata kama umeshakosea, kuna mtu mwingine kwenye lile darasa anauhitaji huo ukweli.

mama_kiraka
Nimesoma hii mara tatu. Asante dada. Sina jibu.

baba_mapacha
Nimetoka kusoma lebo. Ilikuwa ndani. Nesi Mungu akubariki, mke wangu hajui bado na sijui naanzaje.

nesi_wa_watoto
Tulia_dawa asante kwa hilo. Niongezee tu kwamba mwenye tetekuwanga anabaki nyumbani mpaka malengelenge YOTE yakauke yafanye vigaga, mara nyingi kama siku 5 tangu vipele vianze, sio kusubiri makovu yaondoke, na kwenye tetekuwanga homa ishushwe kwa paracetamol tu, usikimbilie ibuprofeni. Baba mapacha, anza na "nimejifunza kitu leo".

kibarua_wa_leo
Yote mazuri, naheshimu, ila naona hapa tunaongea kana kwamba kila nyumba ina mtu wa kubaki.

Mimi nalea peke yangu, wawili. Nalipwa kwa siku. Nisipoenda leo, leo haipo, na nisipoenda mara mbili kuna mtu kasimama nje anasubiri nafasi yangu. Masaa 48 baada ya kutapika mara ya mwisho ni siku mbili au tatu za kazi. Nikisoma hiyo sheria siioni kama sheria ya afya, naiona kama faini. Sijawahi kumpeleka mtoto mgonjwa kwa sababu sijali, nimempeleka kwa sababu shule ndo sehemu pekee yenye mtu mzima ambaye atamwangalia mpaka saa tisa bila kunidai. Mwalimu samahani lakini ndo ukweli.

chaki_mkononi
Usiniombe samahani. Nalijua hilo, na ndo maana hujawahi kunisikia namgombeza mzazi kwenye benchi.

usiku_mrefu
Kibarua, sisi tulikuwa na hali hiyohiyo, nikwambie tulichofanya. Tulikuwa wamama wanne watoto wetu darasa moja, ratiba zetu tofauti, mmoja anafanya kazi usiku, mmoja anashona nyumbani. Tukakubaliana KABLA ya mtu kuumwa, hiyo ndo siri, maana saa kumi na mbili asubuhi huna nguvu ya kumbembeleza mtu. Wa kawaida, homa iliyoshuka anamalizia zile 24 zake, anakaa kwa yule anayeshona. Wa kutapika hapana, huyo anabaki kwao maana utaambukiza nyumba nzima, hapo ndo yule wa usiku anakuja kukaa na mtoto kwako asubuhi, wewe unamlipa kwa kumwangalizia wa kwake Jumamosi. Tetekuwanga tulikuwa tunampa yule ambaye nyumba nzima walishaugua. Haikuwa kamili, kuna siku tuligombana kabisa mtu alificha kuharisha, ila mwaka ule nilikosa kazi siku mbili tu.

Na kama unaweza, mwambie bosi sasa hivi kabla hajaumwa kwamba nina watoto wadogo na siku moja moja itatokea. Kuna mabosi hawaelewi, ila kuna wengine wanaelewa ukiwaambia mapema na wanawaka ukiwaambia saa mbili asubuhi.

kibarua_wa_leo
Ya kukubaliana kabla sikuwahi kuifikiria. Hapa ninapokaa kuna bibi mmoja mwenye wajukuu, kesho naenda kumsalimia kwa makusudi.

nesi_wa_watoto
Kibarua ukimwacha kwa bibi mwachie na maji yenye chumvichumvi zile za paketi kama anaharisha, mwambie ampe kidogokidogo mara kwa mara, na mwambie aangalie mkojo. Mtoto asipokojoa masaa mengi, machozi hayatoki akilia, mdomo umekauka, macho yamezama, bibi asisubiri jioni. Vilevile degedege, shingo imekaza hawezi kuinamisha kidevu, vipele vya rangi ya damu ambavyo ukibonyeza kwa glasi havifutiki, anapumua kwa shida, au haamki vizuri ukimwita. Hayo hakuna kuuliza kwenye uzi, ni kukimbia.

baba_mapacha
Mimi nina la tofauti. Wale wa tumbo la Jumatatu mnafanyaje? Mmoja wa mapacha alinisumbua muhula mzima, tumbo tumbo tumbo, kipima joto 36.6, hatapiki, haharishi, choo kizuri, saa tatu anacheza mpira na mimi nimeshaomba ruhusa kazini. Nikamchapa maneno kwamba ni mvivu. Kumbe lilikuwa linamuuma kweli, ila siku zenye hesabu tu. Mwalimu alikuwa anawasimamisha ubaoni na wakikosea darasa linapiga makofi ya kejeli. Nililigundua kwa bahati, nilikuwa naandika kwenye kalenda siku alizolalamika kwa ajili ya kumwonyesha daktari, nikaona zote zimekaa kwenye safu mbili.

chaki_mkononi
Hilo la kuandika siku ni zuri sana. Ongeza na Jumamosi na likizo, tumbo ambalo halijawahi kuuma likizo lina habari ya kusimulia. Ila usiende kwa pupa, mpeleke akapimwe kwanza, minyoo ipo, na mkojo kuuma upo, na watoto wanasema "tumbo" kwa kila kitu kuanzia shingo mpaka magoti. Akiwa hana kitu mpeleke shule huku unashughulikia kinachomtisha, ukimbakiza kila mara hofu inanenepa.

mzee_wa_zamani
Hivi mimi kichwa kilichokuwa kinaniuma kila Ijumaa ya mtihani kumbe kilikuwa na jina.

mama_kiraka
Wakuu mrejesho.

Homa ilimwachia Alhamisi usiku. Ijumaa kaamka 36.8 bila dawa, kila kiungo changu kilitaka kumvalisha sare, nikahesabu masaa, hayajafika 24, akabaki. Bosi nilimwambia ukweli kwa mara ya kwanza, kanuna ila hajanifukuza. Kwenye kundi la wazazi nikaandika wangu alikuja Jumanne na homa, anakohoa, muwaangalie wenu. Nilitegemea matusi, nimepata "asante" tatu na mmoja akasema wake kaanza jana.

Leo Jumatatu kipima joto 36.7, kala, kacheka, nimeshika mlango anasema mama tumbo. Nikataka kusema acha uongo, nikamkumbuka baba mapacha. Nikachuchumaa nikamuuliza linauma wapi, akaonyesha hapa, afu hapa, afu akasema wale wa dawati la nyuma wanamwita "mgonjwa wa sweta" tangu Jumanne.

Nimempigia mwalimu kabla hatujatoka. Nikaanza na ile ya dawa, kwamba nilimdanganya. Akacheka, akasema mama nilishajua, lete mtoto, hao wa dawati la nyuma niachie mimi. Kaingia darasani saa mbili, hana dawa yoyote mwilini. Sweta kaliacha nyumbani mwenyewe. Simu ninayo mkononi hapa, saa tano bado haijafika.